Barafu ya Kikambala

Nimekulia Kisauni, katika nyumba iliyolishwa na barafu. Mama alikuwa na friza moja kuukuu iliyonguruma usiku kucha kama paka aliyeshiba, na humo zilitoka barafu za ukwaju, za ubuyu na za maziwa yenye iliki, zimefungwa kwenye vifuko vya nailoni vya siku zile, kabla havijapigwa marufuku 2017. Sisi watoto tulizitembeza kwa ndoo. Stima ikipotea saa chache tu, mtaji wote ulikuwa umegeuka maji matamu, na usiku huo tulikunywa hasara mpaka matumbo yakavimba. Kwa hivyo nilijua tangu mdogo kwamba Mombasa barafu hutafutwa kwa gharama. Haijileti.

Ndiyo maana nilicheka siku mwalimu wangu wa urubani, pale Uwanja wa Wilson, Nairobi, aliponiambia, "Ukirudi kwenu pwani, jihadhari sana na barafu."

"Mwalimu, kwetu barafu twaisaka kwa bili ya stima."

Hakucheka. Aligeukia ubao akachora kabureta.

Nitaieleza nilivyokuja kuielewa baadaye, maana mchoro wake ulikuwa na mishale mingi kuliko kabureta. Ndege ndogo za zamani kama Cessna 172 niliyojifunzia zina injini ya silinda nne inayolishwa na kabureta, sawa na pikipiki nyingi za bodaboda. Kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na mafuta kabla ya kuingia injini, ina koo jembamba. Hewa ikipita kooni hapo huongeza kasi na kupungua shinikizo, na mafuta yanayorushwa ndani yake hugeuka mvuke papo hapo. Sasa kumbuka mtungi wa bibi. Maji ya mtungini huwa baridi kwa sababu unyevu unaochuja kwenye udongo ukigeuka mvuke huondoka na joto la maji. Pamba ya spiriti kabla ya sindano nayo hukupoza ngozi kwa sababu iyo hiyo. Ndani ya koo la kabureta jambo ni lile lile, ila kwa ukali: joto laweza kushuka nyuzi 20, hata 30, kwa mpigo mmoja. Hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 26 inajikuta ndani ya friza ya mama. Ikiwa imebeba unyevu, unyevu ule huganda kwenye kuta za koo, tabaka juu ya tabaka, mpaka injini ikakosa pumzi.

Kwa hivyo hatari haiko kwenye baridi peke yake. Iko kwenye unyevu. Na hewa ya Mombasa mwezi wa Juni, masika yakiwa yameondoka juzi tu, waweza kuikamua kama kanga iliyotoka kufuliwa. Hatari huzidi rubani anapopunguza nguvu ili ashuke, kwa sababu mlango wa kabureta unakuwa umekaribia kufungwa na upenyo uliobaki ni mdogo. Kidogo tu kikiganda, kimeziba.

Dawa ipo, na ni rahisi kuliko dawa zote za ndege. Kuna kishikio mbele ya rubani. Ukikivuta, injini huacha kuvuta hewa ya nje na badala yake huvuta hewa iliyozunguka bomba la ekzosi, hewa moto. Barafu inayeyuka. Mwalimu aliongeza sentensi moja, nami nikaiandika daftarini kwa kalamu nyekundu: ukikivuta kukiwa na barafu tayari, injini itakuwa mbaya zaidi kabla ya kupona, basi usikiguse tena. Maana barafu inayoyeyuka ni maji, na maji hayo lazima injini iyameze. Itakohoa. Itatetemeka. Mizunguko itashuka zaidi ya ilivyokuwa.

Mtihanini niliulizwa swali hilo, nikapata.

Nilikuwa nimerudi pwani nikikusanya saa za kuruka. Leseni ya kubeba abiria kwa malipo hudai saa 200, na saa hizo huliwa na pesa kama mchwa alavyo boriti, kwa hivyo kila safari niliipanga kwa sababu. Asubuhi hiyo ya Juni nilikuwa nimeruka peke yangu mpaka Malindi, na nikiwa kule ami yangu akanipigia simu. Alikuwa Malindi kwa hitima ya shemejiye, na amechoka na matatu.

"Hicho kidege chako chabeba mtu?"

"Chabeba, Ami. Ila mimi siruhusiwi kutoza nauli."

"Nani kakwambia nitakulipa?"

Ami ni mvuvi wa Mtwapa. Amekaa baharini zaidi ya miaka 40, ana magoti ya mzee na macho ya kijana. Alikuja uwanjani na kanzu yake, kofia ya vito, kandambili, na bunda la papa mkavu lililofungwa kwa kamba ya nailoni. Nikamwambia tuliweke nyuma. Akakataa. Alilipakata safari nzima, na harufu ya papa ndani ya Cessna 172 ni jambo ambalo hakuna mwalimu aliyenitayarishia.

Kawaida yangu ni kuruka juu ya ardhi, ufuo ukiwa kushotoni kwangu. Lakini Ami alitaka kuiona bahari kwa juu, yeye ambaye siku zote ameitazama kwa chini, nami nikasogea nje kidogo nikafuata mwamba, tuwe na pwani upande wake wa kulia. Nilihakikisha tu kwamba kila wakati niko na urefu wa kunirudisha ufuoni injini ikigoma. Hiyo ilikuwa kanuni yangu, na ni moja kati ya mambo mawili niliyoyafanya sawa siku hiyo. Ami alikaa ameegemea kioo. Watamu, Mida, Kilifi na daraja lake, yote yalipita chini yetu naye akinitajia majina ya milango ya mwamba ambayo haimo kwenye ramani yangu.

Mizunguko ya injini ilianza kushuka tukiwa karibu na Takaungu. Yaani, hapo ndipo nilipoanza kuiona. Ilianza lini, sijui. Mshale ulikuwa umeshuka kidogo, nami nikadhani kishikio cha nguvu kimeteleza chenyewe, nikakisukuma kidogo mbele. Baada ya dakika moja umeshuka tena. Nikakisukuma tena. Hivi ndivyo barafu inavyoingia: haipigi hodi, na wewe mwenyewe unakuwa unaifunika makosa yake kama mama anayemtetea mtoto mwizi. Kisha mnara wa Mombasa ukaniruhusu kushuka, nikapunguza nguvu, nikashuka kutoka futi 3,500 hadi 1,500 nikimsikiliza Ami akieleza kisa cha nahodha mmoja na pweza. Kishikio cha hewa moto kilikuwa mahali pake, hakijavutwa. Kilitakiwa kivutwe kabla sijapunguza nguvu. Kwa nini sikukivuta? Jua lilikuwa linapenya mawingu, shati limenigandamana mgongoni kwa jasho. Mwili wangu ulikuwa unaniambia hapa hakuna barafu, na niliuamini mwili kuliko daftari.

Tukafika futi 1,500, tukiikaribia Kikambala. Nikasukuma nguvu ili nisawazishe ndege. Haikuitika. Ilitetemeka, mtetemo wa kupanda kutoka miguuni, na mshale ukawa unacheza.

Sehemu hii ya kisa ndiyo niliyokuwa naiacha, kwa zaidi ya miaka miwili, kila nilipowasimulia watu. Nilisema: injini ikazima ghafla. Neno "ghafla" lilinifaa sana.

Ilivyokuwa ni hivi. Nilikivuta kishikio cha hewa moto. Mkono ulijua. Injini ikakohoa kikohozi ambacho sijapata kukisikia, kama mtu aliyepaliwa na maji, na ndege nzima ikatikisika mpaka miwani ikanishuka puani. Mizunguko ikaporomoka. Na mimi, niliyeandika kwa kalamu nyekundu, nikaogopa. Niliona nimegusa kitu nikakiharibu. Nikakirudisha. Kwa sekunde mbili hivi injini ikatulia, nikashusha pumzi, nikajiambia nimefanya vyema. Kisha sauti ikafifia kama redio inayopungukiwa na betri. Nilikivuta tena, lakini hewa moto hutoka kwa ekzosi, na ekzosi ya injini isiyofanya kazi inapoa upesi. Rafadha, lile pangaboi la puani, ilibaki inazunguka kwa upepo tu, mapambo.

Nikashusha pua. Ndege haianguki kwa kukosa injini, huanguka kwa kukosa kasi, na kasi ya Cessna hii ya kuteleza mbali zaidi ni maili 65 za baharini kwa saa. Pua ikitaka kuinuka, unaibembeleza ishuke, ingawa kila mshipa mwilini unataka kwenda juu. Ikitoka futi 1,400 hivi, itateleza chini ya kilomita nne, na chini ya hapo tena ukiwa unakabili upepo. Uwanja wa Mombasa, kule Port Reitz, ulikuwa zaidi ya kilomita 25 mbele. Sikuufikiria hata mara moja, na hilo ndilo la pili nililofanya sawa. Nilikuwa na kama dakika mbili.

Nikaangalia tangi zote mbili zimefunguliwa, mchanganyiko wa mafuta, swichi za plagi. Nikaita "Mayday" mara tatu, neno lililotoka kwenye Kifaransa cha "nisaidieni", nikataja mahali nilipo, watu wawili, natua ufuoni. Sauti ya mnara ilinijibu kwa upole kama wa daktari.

"Ami, injini imezima."

"Nasikia." Hakupandisha sauti. "Waenda kushuka wapi?"

"Ufuoni. Pale peupe, pana nafasi ya kutosha."

Akainama juu ya papa wake akatazama chini. "Peupe patakumeza. Ule mkavu, mchanga wa kuzama. Leo mwezi kumi na sita, maji ya bamvua, saa hizi yako mwisho wa kupwa. Enda penye mng'ao. Usiende penye weusi usiong'aa, ule ni mwani, na chini yake kuna jiwe."

Nilikuwa nimesomea kutua kwenye shamba, barabara, hata majini. Hakuna aliyenifundisha kusoma maji kupwa. Ami alisoma kama unavyosoma kibao cha duka. Katika siku za bamvua, bahari inapojaa sana na kupwa sana, maji ya pwani hii hufika mwisho wa kupwa kati ya saa nne na saa tano za asubuhi, na saa yangu ilisema saa nne na dakika 40. Ningekuja alasiri, ufuo ule wote ungekuwa chini ya bahari.

"Wawaona wale watoto wa mpira?"

Niliwaona. Vidoa vinavyokimbizana.

"Hapo walipo ndipo pagumu. Mtoto hachezi mpira penye kuzama. Wapite, ushuke mbele yao, mchanga ni ule ule."

Kulia kidogo. Upepo wa Kusi ulikuwa unatujia mbele kutoka upande wa kushoto, nao ulitusaidia, kwa kuwa ukitua ukiukabili upepo unagusa chini kwa mwendo mdogo. Futi 800. Nikashusha flapsi, vile vipande vya nyuma ya mbawa vya kupunguza mwendo. Nikamwambia Ami afungue mlango wake auache wazi kidogo, maana bodi ikipinda mlango uliofungwa hautafunguka. Mlango ukawa unasukumwa na upepo, unajifunga. Nikiwa namtafutia neno, alikuwa ameshavua kandambili moja akaichomeka kwenye pengo. Bila kuambiwa. Mimi upande wangu nikachomeka daftari la safari.

Kuna jambo moja kuhusu ndege iliyozima ambalo sikulifikiria mpaka nilipokuwa futi 400: haina kelele. Watu wa chini huzoea kusikia ndege kabla ya kuiona. Sisi tulikuwa tunashuka kwa mvumo kama wa shuka kwenye kamba, na watoto walikuwa wametupa mgongo, wote macho kwa mpira. Nilikuwa nimekwisha kukata shauri. Wasipoondoka na nisipofika mbele yao, nageuza kushoto, nakwenda majini. Sikumwambia Ami. Nadhani alijua, kwa sababu alianza kuvua kofia akaitia mfukoni, kama mtu anayejiandaa kuogelea.

Ngamia ndiye aliyetuona kwanza. Alikuwa mmoja wa wale wanaopandisha watalii, ametulia na shanga zake, na ghafla akainua shingo akatoka mbio, mwenyewe akining'inia kwenye kamba. Watoto wakageuka wamtazame ngamia, ndipo wakatuona. Sijapata kuona uwanja wa mpira ukihamwa haraka hivyo. Mpira ulibaki.

Tuliupita. Nikakata mafuta, nikazima swichi za plagi, nikazima umeme, nikaanza kuinua pua polepole. Bawani kuna kifaa kinacholia ndege ikikaribia kuishiwa na kasi, sauti yake ni kama mtoto anayenuna. Kikaanza kulia. Magurudumu ya nyuma yakagusa, na Wallahi ule mchanga ulikuwa mgumu kama sakafu ya msikiti. Nilishikilia usukani kifuani nisiachie gurudumu la mbele lishuke, nikashikilia, nikashikilia, mpaka halikushikika tena. Lilishuka. Tulikimbia mita kadhaa hivyo, na pale ambapo tungesimama salama palikuwa na kijito kidogo cha maji yanayorudi baharini, upana wake hatua mbili. Gurudumu la mbele likaingia. Pua ikainama, ncha ya rafadha ikachota mchanga, tukasimama.

Kimya.

"Alhamdulillahi," Ami akasema. Kisha: "Toka."

Tulitoka. Kandambili haikuonekana tena, na mpaka leo Ami hudai nimlipe.

Nilitaka kukaa chini. Miguu ilikuwa imeamua. Lakini Ami alikuwa amesimama peku, bunda kwapani, anatazama mwamba kwa mbali, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeokoka. Ulikuwa wa mtu mwenye kazi.

"Maji yatafika hapa, Ami?"

"Hapa? Jioni patakuwa na kimo chako na mkono juu. Yashaanza kurudi."

Kanuni husema ndege iliyopata ajali isisogezwe mpaka wachunguzi waruhusu. Kanuni hizo hizo haziitaki iliwe na bahari. Nilipiga simu, nikaeleza kuhusu bamvua, aliyepokea akaniuliza bamvua ni nini, nikampa Ami simu. Sijui alimwambia nini. Tuliruhusiwa, kwa sharti tupige picha kwanza, kila upande.

Kilichofuata ndicho ninachokikumbuka kwa raha kuliko yote. Ami aliyekuwa abiria akawa nahodha. Aliwaita wavuvi waliokuwa wakitengeneza ngalawa chini ya minazi, akawaita vijana wa ufuoni, akamwita hata mwenye ngamia, ambaye alikuwa amekuja kudai fidia ya ngamia kuzimia roho. Wakaleta kamba na magogo ya mnazi ya kuvutia vyombo. Cessna tupu ina zaidi ya kilo 600, na watu wakiona ndege kila mmoja hushika mahali pa kwanza panapomjia mkononi. Nilikimbia kutoka huku hadi kule nikipiga kelele: shikeni miguu, msishike mkia pale, msishike rafadha, wewe kijana shuka! Vijana wanne nikawaonyesha pa kugandamiza nyuma, pua ikainuka, gurudumu lililopinda likatoka kijitoni. Ami akasimama mbele akaanza kuita kama anavyoita wakipandisha jahazi, nao wakamwitikia, na kila mwitiko ulikuwa shibiri mbili. Ilichukua saa moja na nusu hivi. Tulipomaliza, ndege ikiwa chini ya minazi, wimbi la kwanza lilikuwa limekwisha kuufuta mstari wa magurudumu yetu.

Ami akafungua bunda akawagawia wote papa mkavu.

Mambo ya ofisi yalikuwa mengi na hayana ladha. Tetesi ndizo zilizokuwa na ladha. Kisauni nilisikia kwamba nilikuwa nikiongea na simu. Majengo walisema mafuta yaliisha kwa sababu wanawake hawaangalii geji. Mama mmoja wa Kikambala alieleza kwa hakika kabisa kwamba bahari ile ina wenyewe na hawapendi kupitwa juu ya kichwa. Wengine walinisifu kupita kiasi wakanilinganisha na yule rubani aliyetua Mto Hudson, New York, Januari 2009, na watu wote 155 wakatoka hai. Hiyo iliniuma zaidi ya habari ya simu. Yule alipigwa na mabata bukini kwenye injini zote mbili. Mimi bata wangu nilikuwa nimemshika mkononi.

Fundi aliifungua injini. Mafuta safi, hayana maji. Plagi safi. Kabureta safi, kavu, inang'aa. Akaiweka mezani akaizungusha akanitazama.

"Dada, hapa hakuna kitu."

Barafu ni mwizi anayekufa kabla hajakamatwa. Ndani ya dakika chache baada ya injini kuzima, joto la chuma lilikuwa limeyeyusha kila kitu, na Kikambala nzima hakukuwa na ushahidi hata wa tone. Wachunguzi walijua, bila shaka. Waliangalia hali ya hewa ya siku hiyo, joto na unyevu, wakaniuliza kama nilitumia hewa moto. Nikasema nilikivuta kishikio. Ilikuwa kweli. Waliponiuliza kama niliona mabadiliko, nikasema injini ilizima ghafla. Wakamuuliza na Ami alichokiona ndani ya ndege. Akasema alikuwa akitazama maji.

Injini iliporudishwa ikiwa na rafadha mpya iliunguruma kama haijapata kuugua maishani mwake.

Nilipata saa zangu 200. Nikapata na leseni. Siku hizi sishuki kabla sijakivuta kile kishikio, na nikiona mshale umelegea hata kwa nywele moja, nakivuta na kukikalia mkono juu nihesabu mpaka 60, injini ifanye fujo zake zote, ikohoe, itukane. Abiria wakiniuliza mbona inatetemeka, nawaambia inakunywa dawa. Vijana wanaoanza kuruka huku pwani hunijia kuuliza, na nilikuwa nawaeleza yote kuhusu koo, mtungi, unyevu. Nilikuwa nawaambia, "Msikirudishe." Kijana mmoja akaniuliza, "Dada, nani atakirudisha, na ameshafundishwa?" Nikanyamaza. Halafu nikabadilisha mazungumzo.

Swali hilo nililibeba wiki nzima mpaka Mtwapa. Ami alikuwa barazani, baada ya Isha, birika la kahawa kwenye jiko la makaa, haluwa kwenye karatasi. Tuliongea habari za nyavu, za bei ya changu, za goti lake. Kahawa ya pili nikamwambia.

"Ami, siku ile. Nilikivuta kile cha hewa moto. Halafu nikakirudisha."

Alikuwa akimega haluwa. Hakuacha.

"Nilikuona."

"Uliona nini?"

"Mkono. Ukavuta, injini ikapiga kelele, ukarudisha. Ukavuta tena." Akanitazama. "Mimi sijui kile ni cha nini. Lakini nimekaa na manahodha. Nautambua mkono unaojuta."

"Mbona hukuwaambia?"

"Wale waliniuliza mimi nimeona nini. Chako ni cha kusema wewe. Nilikuwa nikingoja." Akasukuma kikombe mbele yangu. "Nikaona wachelewa, lakini nikangoja. Kunywa, yapoa."

Asubuhi yake nilikaa kwenye meza ya mama, friza ikinguruma ukutani, nikawaandikia wachunguzi. Niliandika kwa Kiswahili kwanza, nipate kujisikia, ndipo niigeuze kuwa Kiingereza cha ofisini. Barua yenyewe ni ukurasa mmoja na nusu, na mengi ni tarehe na namba za ndege. Sentensi ya kwanza ndiyo iliyonila asubuhi nzima, mpaka mama akauliza kama naandika posa: "Kishikio cha hewa moto nilikivuta, kisha nikakirudisha."